Alama Kwenye Pamba

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na uitikie taratibu maana nina mengi. Mama hajambo. Goti lake linauma kila mvua inapokaribia, kwa hiyo siku hizi nyumba hii haina haja ya utabiri wa hali ya hewa. Paka amezaa tena kwenye kapu la vitambaa na hakuna wa kumkemea. Mimi ndiyo usiseme: nimerefuka, nimeota ndevu, na wasichana wa saluni ya upande wa pili wa barabara wananiita bosi. Sawa, ni mmoja tu, na alikuwa anacheka, lakini neno alilitamka.

Sasa habari ya Bibi. Mama ameniambia nikueleze tulivyomzika, kwa sababu wewe hukuwepo, na yeye akishika kalamu karatasi inaloana.

Nilidhani watakuja majirani na wateja wachache. Mjomba, barabara ilijifunga yenyewe. Alikuja askari wa trafiki, alikuja mama mmoja mwenye gari na dereva, alikuja kinyozi na kinyozi mpinzani wake wakasimama bega kwa bega. Watu ambao sijawahi kuwaona. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia jambo lile lile kwa sauti ya chini, kama anatoa siri ya ndani: "Nimelalia godoro lake tangu nioe." "Wanangu wote wamezaliwa juu ya godoro lake." Nikautazama ule umati nikawaza, hawa wote wakienda kulala, Bibi yuko chini yao amewabeba. Mwanamke ambaye hakunifika begani. Nilinyamaza kimya, mpaka watu wakamuuliza Mama kama naumwa. Mimi, ambaye Bibi mwenyewe alinibandika jina la Redio.

Ndipo barua yako ikaja, kwamba karakana yake ya magodoro ifungwe na chumba apewe muuza simu. Wewe ndiye mtoto wa kiume, sawa, neno lako ni zito. Ila barua ile imeandikwa na mtu aliyesahau. Ngoja nikukumbushe.

Mteja anakuja. Fundi wa kawaida anachukua futi ya kupimia, anapima urefu na upana, basi. Bibi anatandaza pamba chini, ya kutosha, anaifunika kwa shuka, anamwambia mteja alale. Mteja anacheka. Anasema, "Mama, nimekuja kuagiza tu." Bibi anamwambia, "Lala. Mtu akiwa macho, hata mgongo wake unadanganya." Anakaa kwenye kigoda chake anaanza kuzungumza, habari zisizo na kichwa wala miguu, mpaka mtu mzima na viatu vyake mlangoni anaanza kukoroma. Akiamka akaondoka, Bibi anapiga magoti anaisoma ile alama iliyobaki. Hapa bega. Hapa nyonga. Huyu hulala ameubana mkono wake, pamba iwe laini upande huu. Na godoro likitoka hapo, linamkaa mwenyewe kama ngozi.

Mimi nimeyaona hayo tangu nilipoacha shule, au tangu shule iliponiacha, tusibishane. Naweza kuyafanya. Kwa kweli naweza kuyafanya vizuri zaidi, maana nina macho mapya. Mama atashona mifuko kwenye cherehani kama siku zote, mimi nitajaza. Tuachie chumba.

Mpwa wako,
Redio


28 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mwambie dada yangu akande goti kwa maji ya moto, asikae chini kwenye sakafu baridi. Mimi ni mzima. Kazi ya kiwanda cha mikate inaendelea vizuri, wananitegemea kwa mengi, na nyumba ninayokaa ni kubwa na ina hewa.

Kuhusu mazishi, kazi haikuniruhusu. Naomba jambo hilo lisirudiwe katika barua.

Kuhusu karakana, umeandika kwa ufasaha lakini ufasaha haujazi godoro. Mama yangu alifanya kazi ile maisha yake yote. Wewe ulikuwa unamletea maji. Muuza simu ni mtu wa uhakika, na dada yangu anahitaji kitu cha uhakika kila mwezi.

Hata hivyo sitaki kesho useme Mjomba alikunyima nafasi. Godoro langu limechakaa. Nitampa dereva wa lori mfuko wa godoro hilo, pamba nimeitupa. Siwezi kuja kulala kwenye pamba yako, kwa hiyo usome mfuko. Nitengenezee godoro, lirudi na dereva huyo huyo. Nikilala vizuri, karakana ni yako. Nisipolala, muuza simu ahamie, na hatutazungumza tena habari hii.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba mwenye nyumba yenye hewa,

Shikamoo. Mama anasema goti limesikia ushauri wako ila halijaufuata. Watoto wa paka wamefumbua macho na mmoja anafanana na yule mwalimu mstaafu wa hesabu, masharubu na kila kitu. Msichana wa saluni hajambo, asante kwa kuuliza.

Mfuko ulifika. Godoro unalo hapo pamoja na barua hii, lakini kabla hujalilalia nisikilize, maana nimeona mambo.

Godoro langu la kwanza nilimfanyia fundi viatu. Alikuja, nikamlaza kwenye pamba, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuzungumza. Nikamsimulia nilivyomkimbiza mwizi wa baiskeli. Nikamsimulia nilivyolishinda kundi zima la mtaa wa juu kwa kupiga mbizi. Fundi viatu akakaa kitako akasema, "Halafu ikawaje?" Nikamlaza tena. Akakaa tena. Mpaka jioni hajalala hata dakika moja, na aliondoka akiwa macho kuliko alivyokuja. Nikakisia. Nikajaza. Kesho yake akarudi ameshika kiuno kama mjamzito, akaniambia, "Bosi, umenitengenezea ngazi."

Nikacheka naye, lakini usingizi sikuupata vizuri.

Wiki iliyofuata, yule mwalimu mstaafu akaleta godoro lake la zamani pamba ichambuliwe upya. Kazi ya Bibi. Nikalifumua. Mjomba, nilikaa chini. Nilidhani ndani ya godoro kuna pamba, basi. Ndani ya lile kulikuwa na matabaka. Chini ya bega pamba ndefu iliyochambuliwa mpaka ikawa kama pumzi. Chini ya nyonga pamba fupi, imebanwa. Katikati alipita na uzi kwa ndani, mishono ambayo hakuna jicho la mtu lingeiona mpaka siku godoro linafumuliwa. Na upande wa miguu kulikuwa na kifuko kidogo cha pamba laini kilichoshonwa peke yake. Nikamuuliza mwalimu, hiki cha nini? Akafikiri sana. Akasema, "Kisigino changu kiliungua nikiwa mdogo. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote." Akakibonyeza kwa kidole. Alikuwa amelalia kile kifuko miaka yote bila kujua kwa nini kisigino hakimuumi usiku.

Bibi hakumwambia hata yeye mwenyewe. Mimi ningetangaza mpaka sokoni.

Siku hiyo niliacha kusema nina macho mapya. Nilikirudisha kila kitu cha mwalimu mahali pake, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayepanga vyombo vya watu. Ndipo nikauchukua mfuko wako nikaupeleka dirishani kwenye mwanga.

Nikakusoma. Kitambaa kimelika katikati kabisa, pana, kwa hiyo umenenepa, hongera. Bega la kulia limechimba. Visigino viko mbali sana na bega, nikashangaa, maana nakukumbuka wewe ni mfupi wa heshima. Ugeni unarefusha watu? Niambie na mimi nije. Ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba uliosuguka, nikasema huo ni ukuta. Nikajaza nilivyosoma, bega laini, nyonga imara, mishono ya ndani kama ya Bibi, nikiifumua na kuirudia mpaka Mama akaniambia vidole vitaisha. Sijawahi kufanya kitu kwa uangalifu hivyo, na Mama ni shahidi.

Lala salama, unipe jibu.

Redio


17 Mei

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Hongereni kwa watoto wa paka. Dada yangu asikate tamaa na goti. Mimi ni mzima.

Nimelilalia godoro lako kwa muda wa kutosha ili nisikuonee. Halifai. Halinikai bega wala nyonga. Pale unapotaka bega langu liwe, ni kisogo. Na lina bonde katikati ambalo kila nikisinzia linaniviringisha ndani yake, nikishtuka nimeangukia mgongo wa mtu. Mshono ni mzuri, sina neno juu ya mshono. Mpiga rangi ninayekaa naye analisifu mchana na usiku, amelala mpaka kachelewa kazini na msimamizi wake akamfuata mlangoni. Lakini mtihani haukuwa wa mpiga rangi.

Kwa hiyo naona tumeelewana kuhusu chumba. Nitamwandikia muuza simu mwisho wa mwezi ujao.

Mjomba wako


9 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Paka hawajambo. Leo sina la saluni.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Sitakuuliza kitu. Nasema tu kwamba nilimtengenezea godoro mtu mrefu, mnene, anayelala katikati ya kitanda ametanua miguu, na mtu huyo amelala mpaka akafuatwa na msimamizi. Niliusoma mfuko sawasawa. Na ule mstari mwembamba ukingoni haukuwa ukuta. Basi, hapo nanyamaza.

Ila kuna jambo la Bibi ambalo nilikatazwa kulisema, na nadhani mwenye kukataza amekwenda na mimi nimebaki na mzigo usio wangu.

Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho, una lile koti lenye vifungo vya kung'aa, ukatugawia mikate ya mviringo, ukatusimulia nyumba yako na vyumba vyake. Bibi alikutandazia pamba. Ukamwambia, "Mama, nina godoro zuri kule." Akakwambia ulale tu, umfurahishe. Ukalala mchana kutwa. Ulipoamka ukaenda kuoga, Bibi akaondoa shuka, na mimi nilikuwa mlangoni.

Pamba yote ilikuwa nyeupe, imejaa, haijaguswa. Alama yako ilikuwa ukingoni kabisa, nyembamba kama ya mtoto, ubavu mmoja, magoti yamekunjwa, mkono umeshika pembe ya shuka ili usianguke. Pale chini kwenye sakafu pana, hakuna mtu mwingine, na bado ulimwachia nafasi.

Nikasema kwa sauti, unanijua, "Bibi, Mjomba kaoa kimya kimya." Bibi hakucheka. Alipiga magoti pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona kwa mteja yeyote. Halafu akaisawazisha ile pamba kwa viganja vyake, taratibu, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama anamfunika mtu aliyelala. Akaniambia, "Redio, hili halitangazwi."

Mimi sikujua ni lipi halitangazwi. Nimejua juzi, kwenye barua yako.

Na kuna hili. Barua zake kwako mimi ndiye nilikuwa nikiziandika. Kabla ya siku ile kila barua ilikuwa na swali moja mwishoni: lini nije nione hiyo nyumba yako? Alinikumbusha hata nikitaka kulisahau. Baada ya siku ile hakuuliza tena. Niliwahi kulianza mwenyewe kwa mazoea, akanishika mkono. "Usimuulize hilo. Muulize kama amekula."

Nilidhani amezeeka, hataki safari.

Nimekwambia. Muuza simu anapita kila asubuhi anapima ukuta kwa macho, anataka kuweka kabati la vioo pale alipokuwa anakaa Bibi. Fanya unavyoona. Sikuandika haya kukulazimisha, na ukitaka ushahidi, tazama, sijajisifu hata mara moja tangu nilipoanza barua hii. Isipokuwa pale kwa mpiga rangi.

Redio


2 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Kuhusu kitanda sina la kusema.

Nimekaa na barua yako kazini na nyumbani. Zile barua za Mama yangu bado ninazo. Nimezipanga kwa tarehe, nikaona mahali swali lilipoishia, na ni kama ulivyosema. Nataka ujue nililiona wakati ule ule. Nilisubiri barua iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Nikasema basi, Mama amenichoka. Amechoka kungoja mwaliko, hataki tena kuniona kwangu. Mtu akishawaza hivyo, kila safari ya kurudi nyumbani inakuwa ndefu. Halafu zikaja habari za msiba, nikawaza, nitakwenda kusimama mbele ya watu kama nani?

Naye kumbe alishajua, alikuwa ananifungulia mlango nipite bila kuonekana. Na kila barua, nikiitazama sasa, kila moja: umekula? Umekula? Mimi nilijibu, "Nimekula, Mama," kama mtu anayejibu karani.

Sijui nimweke wapi mwanamke wa namna hii. Ninatengeneza mikate ya watu wengi, nilidhani najua maana ya kulisha.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa na nimepewa, safari hii hata wasingenipa. Mpiga rangi anakusalimu, anasema wewe ni daktari. Nimemwachia godoro.

Kuhusu chumba, muuza simu asubiri. Mtihani wako haukuwa halali, kwa kuwa nilikupa mfuko wa mtu mwingine. Utanilaza mwenyewe kwenye pamba. Nikipata usingizi tutajua, nisipopata tutajua. Nakuonya kwamba silali mchana siku hizi, na usiku nalala kidogo.

Mjomba wako


14 Agosti

Mjomba wangu uliyelala,

Sikusalimu, maana utaitikia uamke. Mama hajambo, yuko kwenye cherehani lakini hashoni, ameshikilia gurudumu lisizunguke. Naandika hapa hapa kwenye kigoda, na karatasi hii nitaiweka ndani ya kiatu chako, uikute ukitoka. Kuna mambo ambayo mdomo wangu ungeyaharibu.

Kwanza, uliponitisha kwamba hulali mchana, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hadithi ya mwizi wa baiskeli, nimeiboresha. Uliicheka sana. Ukakaa kitako. Ukaniuliza, "Halafu?" Nikaona karakana inahama, kabati la vioo linaingia, na Mama anashonea barazani. Kijasho kikanitoka, Mjomba, ukadhani ni joto.

Ndipo nikaacha hadithi. Nilikuwa sina kitu. Nikaanza tu kukuhesabia siku moja ya Bibi, ilivyokuwa, bila chumvi. Nikasema, anaamka kabla ya mtu yeyote. Anakaa kwanza kitandani, miguu chini, anasikiliza nani anakohoa. Anajifunga kitambaa kichwani. Anawasha moto. Anamwamsha Mama kwa kumgusa kidole gumba cha mguu. Anafagia karakana kuanzia dirishani, siyo mlangoni, kwa sababu asubuhi upepo unatoka dirishani na pamba ikipeperuka ipeperukie ndani. Anashika fungu la kwanza la pamba, anatoa mbegu, anatoa vijiti, analivuta, analiweka. Anashika la pili.

Niliendelea hivyo. Nilitaka kufika jioni, kule anapofunga mlango na kuujaribu kwa mkono. Lakini nikikumbuka moja linaleta jingine: anavyomwachia mwokota chupa maji kwenye kopo lenye mfuniko, anavyokula mwisho na kusema ameshiba mwanzo. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba siku yake moja ni ndefu hivyo. Nilikuwa sijafika hata mchana, mkono wake bado uko kwenye pamba, nikasikia unakoroma.

Nikanyamaza. Sikujua kwamba naweza kunyamaza na bado nikawa nafanya kazi.

Muuza simu alikuja kuchukua jibu. Alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia mkononi, akakutazama, akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Alivua viatu, Mjomba, hakuna aliyemwambia, akaingia hatua chache akasimama hapo kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakubwa. Akaninong'oneza, "Hata mimi mgongo unanisumbua." Nikamwambia aje kesho. Hayo mengine utaamua ukiamka, mimi natoa taarifa tu.

Mwanzoni ulilala ukingoni. Nilikuona, nikaangalia pembeni. Ulikuwa umeshika pembe ya shuka vile vile, magoti yamekunjwa, na nafasi yote ile umemwachia mtu ambaye hayupo. Nikatamani Bibi angekuwepo aone, halafu nikatamani asiwepo asione, halafu nikakumbuka kwamba ameshaona.

Sasa hivi jua limefika kwenye cherehani. Umeachia shuka. Umegeuka chali, mguu mmoja umenyooka, na mkono wako wa kulia umevuka katikati umekwenda upande wa pili wote. Pamba inabonyea pole pole mahali ambapo haijawahi kubonyezwa na wewe.

Mama ameniuliza kwa ishara, mfuko aukate upana gani. Nimemwambia asubiri kwanza. Bado unatanuka.